Kiti cha tembo wa tano

Neema, Etabo, na nyinyi wanafunzi wangu wote mliobaki na kibanda cha mizani sokoni Baraka,

Siku ile mliponiaga mlininunulia soda, mkanikalisha kwenye kiti chenye mgongo, kisha Neema akaja mbele yangu na kufungua ngumi. Ndani alikuwamo tembo wa fedha, ile sarafu ya Wabelgiji. Wa kweli. Nilimrusha kidogo kiganjani na mkono wangu ukamjua kabla ya mizani yoyote. Halafu nikamrudisha kwa Neema na kusema asanteni sana, lakini huyu sitamchukua. Nyuso zenu zilizima kama taa iliyoishiwa mafuta. Etabo akasema kwa sauti ya chini, akidhani masikio yangu yamestaafu pamoja nami, "Ju ya nini sasa? Tulichanga mpaka tukachoka."

Mna haki ya kuelezwa. Pale sikuweza, maelezo ni marefu kuliko soda moja. Kwa hiyo naandika, na mtanivumilia kama mlivyonivumilia miaka yote nikieleza mambo mliyokwisha kuyajua. Itabidi nianze mbali kidogo, maana jibu lenyewe liko mbali.

Nilifika kwa Mzee Wilondja nikiwa na ndevu chache ambazo ningeweza kuzipa majina. Ndiye aliyekuwa fundi wa mizani sokoni kabla yangu. Nilidhani siku ya kwanza nitapewa tupa nianze kusugua kitu. Nilipewa mizani ya mikono miwili na chumvi. Akaniambia niweke chumvi kushoto, jiwe kulia, mpaka mkono utulie. Nikafanya, nikajisikia fundi.

"Sasa badilisha," akasema.

Nikahamisha chumvi kulia na jiwe kushoto. Mkono ukaanguka upande mmoja.

"Umeona? Balansi ya uongo inasema kweli upande moja tu. Muulize mara mbili."

Siku nzima sikufanya kitu kingine. Niliuliza kila mizani mara mbili. Najua wengine wenu mnaruka hatua hii wateja wakiwa wengi. Msiruke. Inachukua muda mfupi kuliko ugomvi wa mama mmoja wa dagaa.

Habari ya sarafu ilikuja yenyewe, kama inavyomjia kila fundi wa mizani huku kwetu. Wanunuzi wa dhahabu kule Misisi na wauza chumvi wa ufukweni walikuwa wakitumia sarafu za zamani kama mawe ya kupimia. Walikuwa na sababu nzuri: sarafu iliyotoka kiwandani ina uzito sawa na ndugu yake, na hakuna mtu wa kijijini anayeweza kuibadilisha bila kuonekana. Mzee Wilondja alikuwa na sarafu zote za Wabelgiji zenye tundu katikati, ndogo mpaka kubwa, zimetungwa kwenye uzi wa nyavu. Aliniambia kwamba hakuwahi kulipa bei kubwa hata kwa moja. Nikamuuliza aliwezaje. Akanifundisha mambo ambayo leo nawaachia.

Usisugue sarafu ili ing'ae. Ukiisugua unaitoa uso na uzito kwa pamoja. Ipime siku unayoipata na uuweke uzito wake kichwani, maana wa uongo hujulikana hapo. Nunua iliyochakaa, iliyotobolewa, iliyopinda, ile ambayo tajiri hataigusa, kwa sababu seti haiulizi urembo, inauliza kama umefika. Na la mwisho: kiti kisikae wazi. Kila sarafu unayotafuta ina kiti chake. Kama nzuri huiwezi, kalisha mbovu, ishike nafasi mpaka nzuri ifike. Kiti kilicho wazi kinakuwasha, na mtu anayewashwa hununua kwa haraka.

Mimi nilichagua tembo. Wabelgiji walitoa sarafu zenye tembo anayetembea, na aina zake ni tano: faranga moja, mdogo kama kifungo, faranga mbili yenye pembe sita, faranga mbili ya duara, faranga tano, na faranga hamsini, mkubwa, wa fedha. Nilichonga ubao wa mvule wenye viti vitano, vishimo vya kukalisha sarafu, nikautundika ukutani. Viti vyote vilikuwa wazi. Nilikuwa nimeoa mwaka huohuo.

Mke wangu Riziki mnamjua kwa jina tu. Meza yake ilikuwa ya pili kutoka kibanda chetu, akiuza sabuni ya mawese. Alikata mche kwa uzi, si kwa kisu, na vipande vyake vilitoka sawa kiasi kwamba Mzee Wilondja alikuwa akimtania: "Wee Riziki, unataka kunifungia kazi?" Nilipomwonyesha ubao aliutazama muda mrefu.

"Alimasi, hizi tembo zinakula?"

"Hazikuli."

"Basi zisikule mali yangu. Tembo moja, kipande moja ya sabuni. Ikipita pale, mi sitoi kitu."

Ndiyo sheria tuliyofuata. Msiicheke. Pesa ya wakati ule ililala na thamani moja ikaamka na nyingine, lakini kipande cha sabuni kilibaki kipande cha sabuni, na kila nyumba ilikihitaji. Zaidi ya hapo, niligundua jambo ambalo sikulitegemea. Mwenye pesa nyingi hufika, hulipa, huondoka. Mwenye kipande cha sabuni inabidi akae, anywe maji, asikie habari za mjukuu, aulize tena mwezi ujao. Bei ndogo ilinilazimisha kuwa mtu wa watu. Mimi kwa asili nilikuwa mtu wa tupa na kimya.

Tembo mdogo alitoka Mboko, kwa mama aliyemkuta shambani akipalilia muhogo. Alitaka sabuni na shikamoo, nikampa vyote viwili. Wa duara alikuwa kwa muuza chumvi wa Kazimia, akiwa jiwe lake la kupimia. Huyo mama hakutaka kusikia sabuni. "Ukibeba hii, chumvi yangu nitapima na ulimi?" Nikamkatia kipande cha shaba chenye uzito uleule, nikakipima mbele yake, nikabadilisha upande, nikapima tena. Ndipo akapokea sabuni, na baada ya hapo alikuwa akinitumia samaki bila sababu.

Wa faranga tano nilimpata kwa Sebiganda, mfugaji wa milimani aliyekuwa akishusha ndama kwenye soko letu. Alimtoa kwenye mfuko wa tumbaku wa marehemu baba yake. Nilipomwekea sabuni mezani alicheka mpaka akaegemea fimbo.

"Sabuni juu ya tembo? Huku kwenu munaogesha tembo?"

"Tunaogesha bafugaji kwanza," Riziki akamjibu kutoka meza yake, na urafiki ukaanzia hapo. Kila aliposhuka aliuliza kama tembo ameoga. Vita vilipokuja viliweka mpaka ambao soko halikuwa nao, watu wa juu hawakushuka tena, na sijamwona Sebiganda mpaka leo. Bado nasikia fimbo yake nikiona ndama.

Wa pembe sita ndiye aliyetufundisha kungoja. Tulimwona Fizi, kiunoni mwa mtoto mchanga, ametobolewa na kufungwa kwa uzi mweusi kama bibi wa huku wanavyowafunga watoto ili kuwakinga. Nilishaingiza mkono mfukoni. Riziki alinikanyaga mguu. Cha kiunoni mwa mtoto hakinunuliwi, mnajua, hata kwa ng'ombe. Tukangoja mtoto atembee, akimbie, akatae uzi mwenyewe. Kila tulipopita Fizi tulisalimu tu. Siku moja yule mama akatuita kutoka ng'ambo ya barabara: "Kuyeni muchukue muzee yenu, mutoto amekua!" Tundu lake bado liko, nami nalipenda kuliko sarafu nzima.

Akabaki wa fedha. Tulimwona mara moja mkononi mwa mfua vito wa Fizi, aliyetaka kumyeyusha awe pete. Bei yake Riziki aliisikiliza hadi mwisho, kwa heshima. "Huyu si wa sabuni," akasema tukitoka. "Huyu ni wa mbuzi. Mwache apite."

Kiti cha tano kikabaki wazi, nacho kikaniwasha kama nilivyoonywa. Baadaye akapita mchuuzi na tembo wa hamsini wa uongo, ameyeyushwa kutoka sufuria ya alumini. Riziki akataka tumchukue kwa nusu kipande, ashike nafasi. Nikakataa katakata. Mbovu sawa, nikasema, lakini wa uongo hatakaa kwenye ubao wa fundi mizani. Akasema Mzee Wilondja hakunifundisha hivyo. Nikasema Mzee Wilondja alisema mbovu, hakusema mwongo. Tulibishana mpaka mboga ikaungua, na tangu siku hiyo ubishi ule ukawa kama kiungo cha nyumba. Akichoka na kimya changu alianzisha: "Kile kiti, Alimasi, bado kiko wazi?" Nami nilianza kueleza, naye akacheka, kwa sababu alikuwa amepata alichotaka.

Vita vya kwanza vilipofika nilikuwa Misisi, nikibadilisha nyuzi na sahani za mizani za wanunuzi. Nilibeba koleo na tupa tu. Mawe yangu, ambayo tunayaita mawe ingawa ni shaba, niliyaacha nyumbani, maana askari wa barabarani hawakutofautisha shaba na dhahabu na hawakupenda kuelezwa. Chini ya kitanda kulikuwa na mikebe miwili ya maziwa iliyofanana: mmoja wa mawe, mwingine wa tembo, ambao tulikuwa tumeanza kuwaficha.

Nilirudi kwa miguu kupitia Lulimba na Fizi, nikikutana na watu wanaokwenda nilikotoka. Baraka nilikuta mlango wazi na sufuria juu ya mafiga, maharage yamekauka ndani. Mtu mmoja aliyebaki aliniambia Riziki amepanda mtumbwi pamoja na majirani, amekwenda ng'ambo, Kigoma. Aliacha neno moja: nibaki nilinde kiwanja, atarudi vita vikiisha.

Nikavuta mkebe uliobaki chini ya kitanda. Walikuwamo tembo.

Nilifahamu yaliyotokea siku nyingi baadaye, kwa mdomo wa mwendesha boti. Riziki katika haraka alinyakua mkebe mmoja akidhani ameokoa tembo. Alipoufungua katikati ya ziwa alikuta mawe. Ujumbe wake ulikuwa huu: "Mwambie nilibeba mawe ya balansi nikifikiri ni tembo, bega ikauma bure. Asikasirike. Naye asiuze wale."

Kwa hiyo fundi wa mizani nilibaki bila mawe. Kilo nilizitengeneza kwa maji, chupa ya lita moja iliyojaa ni kilo ukiondoa uzito wa chupa, na hilo mnalijua kwa sababu nimewachosha nalo. Lakini vipimo vidogo vya dhahabu na dawa nilivitoa wapi? Nilikuwa na tembo wanne, na uzito wa kila mmoja ulikuwa kichwani mwangu tangu siku nilipompata, hata wa yule mwenye tundu. Nikaanza kufanyia kazi seti yangu mwenyewe. Wanunuzi wakazoea: "Leta tembo ya Alimasi." Miaka ya vita vya kwanza, ya utulivu uliodanganya, ya vita vya pili, tembo walipanda na kushuka kwenye sahani. Mmoja alipoteza jicho, mwingine mkia. Nililinganisha kila wakati ili nijue wamepungua kiasi gani. Seti nzuri niliyoijenga kwa subira niliila kidogo kidogo, na ndiyo iliyonilisha.

Naye Riziki, katika kambi ya wakimbizi kule ng'ambo, akaishi kwa mkebe wangu. Alitengenezesha mkono wa mti, akaning'iniza vifuniko viwili vya sufuria, akawa anawapimia wenzake chumvi na dagaa kwenye soko la kambi. Boti zikileta habari nilisikia wanamwita Mama Mawe. Nilijiuliza kama anabadilisha upande. Nilijua anabadilisha.

Mtauliza kwa nini sikumfuata. Kwanza njia ilikuwa imefungwa, kisha ikafunguka na nyumba za waliokwenda zikaanza kupata wenyewe wengine, kisha ikafungwa tena. Ubao wangu wa kwanza ulichomwa na watu waliopika uani nikiwa mafichoni. Nilichonga mwingine, viti vitano. Hatukujaliwa mtoto. Nilipika ugali wa mtu mmoja katika sufuria ya watu wawili, maana ndogo iliibwa, na ugali mdogo katika sufuria kubwa huungua haraka. Jioni nilikaa ufukweni. Mgeni hudhani kutoka Baraka unaona ng'ambo. Unaona Ubwari tu, rasi imesimama mbele yako kama mlango. Hata kutazama alikokuwa sikuweza.

Kilichoniokoa ni ile sheria ya sabuni. Niliendelea kuuliza habari za tembo wa tano, si kwa kutumaini kumpata. Nilitaka sababu ya kukaa kwenye benchi la mtu na kusikia habari za mjukuu wake.

Boti za waliorudi zilipoanza kufika nilikwenda bandarini kila ziliposhusha watu. Akashuka Mama Furaha, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, na mkebe wa maziwa umefungwa kwa kitambaa. Alinitazama akasema, "Twende kwako kwanza, Papa Alimasi. Alisema nisikupatie njiani. Nikupatie ukiwa umekaa." Hapo nilijua. Riziki alikuwa amefariki masika yaliyotangulia, homa, siku chache tu. Amezikwa kule.

Nilikaa. Nikafungua. Mawe yangu yote yalikuwamo, safi, hayakusuguliwa. Katikati yake, amefungwa peke yake, alikuwamo tembo wa hamsini.

Nilimwinua na mkono wangu ukapanda juu kupita nilivyotaka. Mwepesi. Sufuria tupu. Nikafikiri: Riziki, wamekuuzia kifuniko. Ikaniuma kwamba mtu alimdanganya nami sikuwapo.

"Alinunua kwa muchuuzi moja," Mama Furaha akasema, "na kipande ya sabuni ile banatugawia. Nikamwambia, Riziki, utafua na nini sasa? Akasema, nitafua na maji."

"Hakumupima?"

"Alimupima! Mbele yetu bote, na hii mawe yako. Akabadilisha upande, akapima tena. Akacheka. Akasema huyu ni wa uongo, ni sufuria. Ule muchuuzi akapata haya, akataka kumurudishia sabuni. Riziki akakataa."

"Ju ya nini?"

Mama Furaha alitazama ukutani, kwenye ubao, kama mtu anayehakikisha kwamba kitu alichosimuliwa kweli kipo.

"Alisema wa kweli hatafika bei ya sabuni hata muzeeke. Akasema huyu akae kwenye ile kiti, ashike nafasi, mpaka mi mwenyewe nifike nibishane na Alimasi."

Baada ya Mama Furaha kwenda kwake nilileta mizani na kumpima, ingawa hapakuwa na haja. Nilimwuliza mara mbili, kushoto na kulia. Alikuwa mwongo pande zote mbili. Nikamkalisha kwenye kiti cha tano.

Hilo ndilo jibu, wanangu. Tembo wenu ni mzuri. Nilipomrusha kiganjani nilisikia uzito ambao Riziki na mimi tuliuacha upite pale Fizi, na nilitamani awepo nimwambie ulivyo. Lakini mshika nafasi huondoka akifika anayengojwa, na anayengojwa kwenye kiti kile si tembo. Siku nikimwondoa, ubishi wetu utakuwa umekwisha, nami nitakuwa nimeshinda. Sitaki kushinda.

Msimuuze tembo wenu. Neema, wewe una mkono mzuri wa kuchonga: chonga ubao, utundike kibandani juu ya mizani kubwa, umkalishe. Mmeanza seti yenu kwa kiti kigumu kuliko vyote, hivyo vilivyobaki msivifuate kwa kuchanga pesa. Vifuateni kwa sabuni. Etabo, Mboko kuna mzee anayefungia mlango wake kwa kipande cha shaba, nami nadhani ni faranga mbili ya duara. Sikupata nafasi ya kuuliza. Usimuulize siku ya kwanza. Muulize habari za mjukuu.

Mkipita kwangu mtawakuta watano ukutani, wanne wamechakaa na mmoja anang'aa kupita kiasi. Nikimaliza kula hugeuza kiti changu kuwaelekea. Huanza kumweleza Riziki, kwa utaratibu, kwa nini wa uongo hafai kukaa kwenye ubao wa fundi mizani. Nikifika mwisho wa hoja, humwachia zamu yake.